Upana wa Cheche

Kisangani, ukisikia turbo ikipiga mluzi barabarani, mara nyingi ni ya mazutu, yaani dizeli. Ni Land Cruiser ya shirika la misaada ikitokea uwanja wa ndege wa Bangboka, au lori lililoshuka kutoka Beni likiwa limepakwa udongo mwekundu mpaka kwenye vioo. Injini za namna hiyo hazihitaji cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ipate joto la kuyawasha mazutu yenyewe, na bugi, yaani plagi, zilizomo ni za kupasha tu, za kuisaidia injini iamke ikiwa baridi. Turbo za esansi, petroli kwa walio Mombasa na Dar es Salaam, ni chache mjini kwetu. Lakini zipo: Subaru Forester na Legacy zilizotumika Japani, usukani kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia, na tundu lile pana juu ya boneti. Na kwa hizo bugi ni jambo zito, zito kuliko inavyodhaniwa na wengi wanaozinunua pale Makiso, katikati ya mji.

Tuseme ukweli kuhusu kitu hiki kidogo. Mwenye duka anakuuzia chuma, kauri, na kiini cha shaba; shaba ambayo nchi yetu huichimba Kolwezi na Likasi kwa wingi kuliko karibu nchi zote za dunia. Unalipa, unabeba. Lakini kinachofanya kazi ndani ya injini si chuma wala kauri. Ni ile sehemu isiyo na kitu, kati ya ncha ya katikati na ndoano inayoinama juu yake. Mwanya. Hauuzwi, hauandikwi kwenye risiti, na hauna uzito wowote ukiuweka kwenye mizani. Hata hivyo ndipo moto unapozaliwa, na gari zima la zaidi ya kilo elfu moja na mia tatu linasubiri hapo, mara elfu kadhaa kwa dakika, lione kama cheche itaruka au itashindwa.

Mwaka 1889 mwanafizikia wa Kijerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba umeme ukitaka kuruka kutoka ncha moja kwenda nyingine, nguvu unayohitaji inafuata mambo mawili yaliyozidishwa pamoja: shinikizo la hewa na umbali wa ncha hizo. Paschen hakuwa akifikiria magari. Turbo yenyewe ilikuwa bado haijabuniwa; Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Lakini mtu akitaka kuielewa bugi ya turbo, kanuni ya Paschen inatosha kuanzia. Turbo inachukua moshi unaotoka, inautumia kuzungusha gurudumu linaloweza kupita mizunguko laki moja kwa dakika, na gurudumu hilo linazungusha jingine linaloisukuma hewa iingie kwa nguvu. Turbo ikisukuma kwa bar moja, hewa inayoingia kwenye silinda ni kama mara mbili ya ile ambayo injini ingeivuta peke yake. Kisha pistoni inaibana tena. Shinikizo limepanda. Kama umbali umebaki uleule, umeme unaotakiwa nao unapanda. Bobini, ambayo wengine huiita koili, ikifika mwisho wa uwezo wake, cheche haitoki. Au inatoka, lakini mahali pengine.

Ndiyo maana turbo inataka mwanya mwembamba. Gari la kawaida la Toyota linaweza kutembea miaka na miaka na mwanya wa milimita 1.1. Forester yenye turbo ya miaka ya 2000, injini yake ya EJ20, inatakiwa kuwa kati ya 0.7 na 0.8. Waliochezea turbo ili isukume zaidi hushuka mpaka 0.6, wengine 0.5. Na huwezi kushuka tu upendavyo. Mwanya ukiwa mwembamba mno cheche inakuwa fupi, na mbegu ya moto inayozaliwa ni ndogo, imekumbatiwa na chuma baridi pande zote mbili. Gari litakimbia vizuri likiwa na mzigo, kisha lisimame kwenye foleni likitetemeka. Kila upande una adhabu yake. Kati ya adhabu hizo mbili kuna nafasi ya sehemu mbili au tatu za kumi za milimita, na kazi ya fundi ni kukaa humo.

Kuna kosa moja linalojirudia katika mji wetu, nalo linatokana na wingi wa Toyota. Bugi inayopatikana kirahisi kuliko zote ni ile ya Corolla: Denso K16R-U11. Ni bugi nzuri, imefanya kazi kwa uaminifu katika teksi nyingi. Namba mbili za mwisho zinataja mwanya, 1.1. Bugi ambayo Forester ya turbo inaitaka ni NGK PFR6G. Sasa ziweke mkononi zote mbili. Upana wa hesi ni milimita 14 kwa zote. Urefu wa hesi ni milimita 19 kwa zote. Spana ya 16 inazifungua zote. Ya Corolla inaingia kwenye Subaru bila ubishi, inazunguka kwa vidole mpaka mwisho, injini inawaka, mwenye gari anafurahi, analipa, anaondoka. Hakuna chochote kilichomwambia kwamba amebeba kosa.

Kosa linajitokeza siku atakapopakia gari na kukanyaga esansi. Niliwahi kumkuta fundi mmoja wa komini ya Mangobo akiwa na Forester ya namna hiyo. Mwenye gari, mfanyabiashara kijana, alikuwa ameshabadilisha pampu ya esansi na bobini mbili.

“Papa, hii moteri inakatakata tu nikipandisha. Nikienda polepole iko mzuri.”

“Mukubwa, ngoja kwanza,” fundi alimjibu. “Bugi haisemaki uongo.”

Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, na bugi zinatazama pembeni, karibu kabisa na mwili wa gari. Ukitaka kuzifikia unatoa sanduku la kichujio cha hewa upande mmoja na betri upande mwingine, kisha unaunganisha vipande vya spana kimoja baada ya kingine mpaka mkono upite. Fundi alipuliza mashimo kwanza ili mchanga usiingie ndani. Alipotoa bugi alizipanga juu ya ubao kwa mpangilio wa silinda zake, 1 na 3 za kulia, 2 na 4 za kushoto, asije akasahau ipi ilitoka wapi. Hili la mpangilio wengi hulidharau. Bugi nne zikichanganywa zinakuwa bugi chafu tu. Zikiwa kwa mpangilio ni barua nne kutoka vyumba vinne.

Alinisogezea ya silinda ya 3. Ukingo wake ulikuwa na masizi meusi makavu, ya esansi iliyokosa moto. Kauri ya ndani ilikuwa ya hudhurungi hafifu, maana yake joto lilikuwa halijaharibika. Ncha ya katikati, ambayo ikiwa mpya ina kingo kali, ilikuwa imekuwa mviringo. Kisha akaigeuza na kunionyesha kauri ya nje, ile nyeupe inayovaliwa mpira wa bobini. Juu yake kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, umeteremka kutoka juu mpaka kwenye chuma. Pale ndipo umeme ulipopita. Uliukuta mwanya ni mpana na hewa imejaa kupita kiasi, ukatafuta njia rahisi zaidi, ukatambaa nje ya kauri na kuishia kwenye kichwa cha injini. Cheche ilikuwepo. Ilikuwa imewaka nje ya nyumba.

Alipima mwanya: bamba la kupimia la 1.2 lilipita. Bugi zilikuja na 1.1 na matumizi yakaongeza iliyobaki, kwa sababu kila cheche inakula chembe ya chuma na mwanya haujui kurudi nyuma, unapanuka tu. Hapo kuna sababu nyingine, ambayo sisi tunaihitaji kuliko wenzetu, ya kuanzia upande wa chini wa kipimo. Bugi za gari la Kisangani zitabaki mahali pake muda mrefu kuliko kitabu kinavyoagiza. Ukianza na 0.7, mwaka kesho bado uko ndani ya mpaka. Ukianza na 0.8 umeshafika ukingoni siku ya kwanza.

Swali la pili, baada ya mwanya, ni daraja la joto, na hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu viwanda vimepanga namba zao kwa kupingana. Kwa NGK na Denso namba ikipanda bugi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion namba ikipanda bugi ni moto zaidi. Na namba za NGK si zile za Denso: 16 ya Denso inakaribiana na 5 ya NGK, 20 na 6, 22 na 7. Bugi ya Corolla tuliyoisema, basi, haikukosea mwanya peke yake. Ilikuwa pia ya joto zaidi kwa daraja moja kuliko ile ambayo turbo iliihitaji.

Maana ya baridi na moto ni jinsi bugi inavyolipeleka joto kwenye kichwa cha injini. Pua ya kauri ikiwa fupi joto linatoka haraka. Ikiwa ndefu linakawia. Ncha inapaswa kufika karibu nyuzi 450 au 500 ili ijichome masizi yenyewe, na isipite sana 850, kwa sababu juu zaidi ya hapo inaanza kuwa kaa la moto linalowasha esansi kabla ya wakati wake. Pistoni hutobolewa hivyo. Kwa hiyo vijana wanaopenda turbo, waliosoma habari za magari ya mashindano, hukimbilia bugi baridi kwa madaraja mawili, wakiamini ni kinga. Mimi nasema hapana. Tazama barabara zetu. Gari hutoka nyumbani, linakwepa mashimo kwa gia ya kwanza na ya pili, linasimama sokoni, linarudi. Ukiondoa lami ya kwenda Bangboka, kilomita kama 17, ni wapi hapa mtu atakapoiacha turbo isukume kwa nguvu zote dakika tano mfululizo? Bugi baridi katika maisha hayo haitafika nyuzi 450 kamwe. Itajaa masizi, na masizi yanapitisha umeme. Kwa turbo isiyochezewa, daraja la kiwanda ndilo sahihi. Daraja moja la baridi zaidi ni kwa aliyeongeza msukumo kwelikweli, na aliyeongeza msukumo Kisangani ana mambo mengine ya kujibu kabla ya bugi.

La kwanza ni esansi. Fungua kifuniko cha tangi cha Forester iliyotoka Japani: ndani kuna kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna kadhafi, mwuza esansi wa kando ya barabara, wala mwenye kituo hapa anayekisoma. Kinaagiza esansi ya daraja la juu, isiyo na risasi. Kwa kanuni za Japani esansi ya kawaida hufikia okteni 89 na ya daraja la juu 96 au zaidi. Injini ile ilipangwa kwa ya pili. Yetu inauzwa kando ya barabara kwenye chupa na madumu, imekaa juani, sehemu zake nyepesi zimeshapaa, na mwuzaji asiyeogopa Mungu ameongeza mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana. Yakiingia kwenye turbo yenye joto, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa cheche haujaufikia, injini inagonga, na kwenye kauri ya bugi unaona vitone vidogo vinavyong'aa vya aluminiamu. Ni pistoni inayoyeyuka, punje kwa punje. Hakuna mwanya wa bugi unaotibu jambo hilo. Fundi akiviona vitone hivyo inampasa amwambie mwenye gari apunguze mguu na abadilishe anaponunua esansi, hata kama maneno hayo hayamwingizii faranga.

Joto la hewa nalo linaongeza tatizo hilo. Kipoza hewa cha Forester kiko juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, nacho kinategemea upepo wa mwendo. Gari likitembea taratibu hakuna upepo. Joto la injini linapanda na kukipasha kile ambacho kazi yake ni kupoza. Aliyechora gari hilo alikuwa na barabara nyingine akilini.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Namba iliyo kwenye boksi la bugi ni ya kweli, lakini imebeba nchi nzima nyuma yake: esansi yake, lami yake, duka lililo mtaa wa pili. Namba hiyo ikifika kwetu bila nchi yake, mtu lazima ajue inamaanisha nini ndipo aweze kuitumia. Nimesikia watu wenye elimu wakisema kwamba usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita ni mambo ya wazungu na Wajapani, sisi tunajaribu tu. Siwezi kukubali. Mwenye gari wa Nagoya akikosea mwanya atapita gereji jioni na kununua bugi nyingine. Sisi bugi nyingine iko mbali. Mtu ambaye vifaa vyake vinatoka mbali ndiye anayehitaji kupima vizuri kuliko wote.

Na iko mbali kweli. Bugi ya Kijapani inayouzwa Makiso imeshuka Mombasa, imepita Kampala, pengine kwenye soko la vipuri la Kisekka, ikavuka mpaka Kasindi, ikafika Beni au Butembo kwa wafanyabiashara wanaofika mbali, kisha Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, na mwisho hapa. Au imekuja kwa mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 juu ya mashua. Njia ya mashariki si ngeni. Kiswahili tunachokisema Kisangani kiliingia kwa njia ya namna hiyo, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kwenda kwenye maporomoko ya hapa, kwa miguu ya wapagazi na kwa biashara ya pembe na ya watu. Paschen alipokuwa akichapisha kanuni yake, liwali wa hapa aliyetambuliwa na dola ya Leopold tangu 1887 alikuwa Hamed bin Muhammed, Tippu Tip wa Zanzibar. Njia imebaki ngumu. Boksi la bugi linarushwa kutoka lori hadi lori, linalaliwa na magunia, linaanguka. Ndoano ya pembeni ni chuma laini, ikigongwa inajikunja. Bugi iliyotoka kiwandani na 0.8 inaweza kufika hapa na 0.5, na nne za boksi moja zikawa na mianya minne tofauti. Anayesema “ni mpya, haina haja kupima” hajaifikiria barabara hiyo.

Njia ndefu pia inakaribisha bugi bandia. Viwanda vyenyewe vimekuwa vikionya juu yake kwa miaka. Maandishi yaliyofifia kwenye kauri, pete ya chuma inayochomoka kwa vidole, ncha isiyokaa sawasawa chini ya ndoano yake: hizo ni dalili. Bandia wanazozipenda zaidi waigaji ni za iridiamu, kwa kuwa ndizo ghali. Iridiamu halisi ni chuma cha ajabu. Inayeyuka kwa nyuzi 2,446, nikeli kwa 1,455. Kwa ugumu wake wameweza kuichonga ncha nyembamba sana, na ncha nyembamba inaurahisishia umeme kuruka, jambo zuri kwa turbo yenye bobini iliyochoka. Sehemu kubwa ya iridiamu ya dunia inachimbwa Afrika Kusini, ikaenda Asia, ikarudi barani kwetu ikiwa sindano ya nusu milimita. Lakini ncha nyembamba ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi ya iridiamu itayeyuka kwenye turbo, na itakapoyeyuka inaanguka juu ya pistoni. Uamuzi wangu hauna kusita: nikeli halisi, ya bei ndogo, inayobadilishwa mapema, ni bora kuliko iridiamu ya mashaka. Nikeli ina sifa nyingine: fundi anaweza kurekebisha mwanya wake bila hofu. Iridiamu ukiipima kwa ile sarafu ya kupimia inayosukumwa kwa nguvu, ncha inavunjika au kauri inapata ufa usioonekana. Ukilazimika kuigusa, kunja ndoano ya pembeni pekee, na ncha ya katikati usiiegemee kabisa.

Mapenzi ya Subaru, nikumbushe, hayakutoka hewani. Safari Rally ya Kenya iliionyesha Afrika Mashariki kwamba turbo ya esansi inaweza kustahimili tope na vumbi. Toyota Celica zenye turbo zilishinda 1984, 1985 na 1986. Mkenya Ian Duncan alishinda 1994 kwa Celica ya turbo, na 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza. Vijana wa Nairobi, Kampala na Goma walikua na picha hizo, na magari yakawafuata. Ila magari yale ya mashindano yalikuwa na mafundi wakiyasubiri njiani na vifaa vipya, na esansi iliyoandaliwa kwa ajili yao. Tumeirithi turbo bila kulirithi gari la huduma.

Basi tunapima kwa nini? Fila geji, yale mabamba membamba yenye namba, ndiyo jibu sahihi, lakini si kila gereji inayo. Mafundi wa pikipiki wana njia yao: kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika. Bamba la msumeno wa mkono lina unene wa karibu milimita 0.65, na pikipiki nyingi ndogo zinataka 0.6 hadi 0.7. Kwa hiyo njia ile si ya kubahatisha kama inavyoonekana kwa mgeni. Kipimo kimo ndani ya chuma chenyewe, hata kama aliyemfundisha fundi hakumtajia namba.

Kwa Forester kuna kingine kizuri zaidi, na kiko chini kwenye vumbi kila mahali wanapouza laini za simu. Kadi ya plastiki ambamo laini hung'olewa, ile inayotupwa, imetengenezwa kwa kipimo cha kimataifa cha kadi za benki: unene wa milimita 0.76. Kiwango kinaruhusu kupungua au kuzidi kwa 0.08, hivyo haitoi uhakika wa fila geji, lakini inaangukia karibu katikati ya 0.7 na 0.8. Nilimpa fundi wa Mangobo kipande kimoja. Alikiingiza kwenye mwanya wa bugi mpya, akakivuta, akakirudisha, macho yake hayakuwa kwenye bugi bali kwenye ukuta, kwa sababu alikuwa anasikiliza kwa vidole. Plastiki inatakiwa ipite ikikwaruza kidogo. Ikipita bure, mwanya ni mpana. Ikikataa, ni mwembamba. Aligonga ndoano ya bugi taratibu juu ya ubao, akapima tena. Bugi ya tatu aliirudia kuliko zote. Kisha akachukua fila geji yake, akathibitisha: 0.75 ilipita ikikwaruza, 0.8 ilikataa, kwa zote nne.

Kufunga nako kuna kipimo. Kichwa cha injini ni aluminiamu, na hesi za aluminiamu zikiliwa ni msiba wa gharama. Bugi huzungushwa kwa vidole mpaka ikae, halafu spana inaongeza nusu mzunguko mpaka theluthi mbili ikiwa pete ni mpya. Basi. Fundi mwenye mkono mzito huvunja kauri au hesi, na bugi iliyolegea haipelekei joto lake kwenye kichwa cha injini, ikageuka kuwa bugi ya moto hata kama namba yake ni ya baridi. Mipira ya bobini ilikuwa na alama za ule mstari mweusi kwa ndani; aliibadilisha, kwa sababu umeme ukishapajua mahali pa kupitia utaparudia hata kama bugi ni mpya. Bobini mbili za zamani, zile ambazo mwenye gari alikuwa amezitupa nyuma ya kiti, alizipima na kumrudishia zikiwa nzima.

Ningependa kuona jambo moja katika maduka ya vipuri ya mji huu. Seti ya fila geji iliyofungwa kwa mnyororo kwenye meza ya kuuzia, kama kalamu inavyofungwa benki, ili kila anayenunua bugi aipime hapohapo mbele ya mwuzaji kabla ya kulipa, na ikiwa ndoano imejikunja njiani, irekebishwe hapo au irudishwe kwenye boksi. Bei ya seti moja haifiki bei ya bugi moja ya iridiamu. Na shule zetu za ufundi, zinazofundisha sehemu za injini kwa mchoro wa ubaoni, zimpe kila mwanafunzi kipande cha msumeno, kadi ya laini iliyotupwa na bugi kuukuu ya pikipiki, zimwambie unene wa kila kimoja, halafu zimwachie aeleze mwenyewe kwa nini pikipiki, Corolla na Subaru ya turbo haziwezi kuwa na mwanya mmoja.